Bahari Inasingiziwa

Ukitaka kumaliza mabishano yoyote kuhusu gari mbovu kisiwani Unguja, taja bahari. Boliti ya gurudumu imekatika? Chumvi. Usukani unatetemeka ukikanyaga breki? Chumvi imeingia kwenye diski. Ukingo wa chini ya mlango umeoza mpaka kidole kinapita? Upepo wa pwani huo bwana, ulitaraji nini? Jibu hili linakubalika Darajani na Mwanakwerekwe, linakubalika kwa madereva wa daladala na kwa wenye gari za kukodisha watalii, na sababu ya kukubalika kwake ni nyepesi: halimkosoi mtu. Fundi hana kosa, utingo hana kosa, mwenye gari ndio kabisa. Bahari haina mdomo wa kujitetea, basi inabebeshwa yote.

Mimi nasema inasingiziwa. Sehemu kubwa ya uharibifu tunaouona kuzunguka magurudumu ya gari zetu imetoka mikononi mwetu: tunavyopiga jeki, tunavyofungua nati, tunavyong'oa gurudumu na tunavyolirudisha. Chumvi huja nyuma yetu kumalizia kazi ambayo sisi tumeianza.

Niseme mapema ninachokikubali, nisije nikajibiwa hoja ambayo sikuitoa. Chumvi ipo na haichezi. Kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika 40 hakina pahala pa kuukimbia upepo wa bahari. Hata Dunga, katikati ya kisiwa, maji hayako mbali. Rimu ya alumini ikikaa juu ya habu ya chuma, na katikati yao pakaingia unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huanza kuliwa. Hutoa unga mweupe, unga ukavimba, na rimu ikang'ang'ania habu hata ukishatoa nati zote. Gari inayoshuka ufukweni kupakia samaki au mwani hupatwa na hayo mapema kuliko gari inayolala Vuga mbele ya ofisi. Hayo ni kweli tupu. Ninachokikataa ni hukumu inayofuata, kwamba kwa kuwa chumvi ipo basi gari kuharibika penye magurudumu ni majaaliwa, na kwamba dawa ya chumvi ni bomba la mita nzima juu ya spana.

Kwani kama bahari ndiyo inayokata boliti, Dodoma isingekatika hata moja. Zinakatika. Zinakatika Tabora pia, mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi, na watu wa huko, kwa kukosa bahari ya kuisingizia, husingizia barabara. Hata hapa kwetu wapo wanaoanza kushika njia hiyo: utasikia yule wa gari ya Makunduchi akiyalaani matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, kana kwamba tuta linaweza kushika spana.

Nenda ukakae nusu saa kwa fundi wa pancha yeyote, chini ya mkungu au ubavuni mwa kontena, utazame bila kusema. Inakuja Noah, mpira wa nyuma wa kushoto umelala. Kijana anaisukuma jeki chini ya gari mpaka pale mkono wake ulipofika, na pale ilipogusa chuma ndipo anapoanza kuipandisha. Gari ikishaning'inia ndipo anapokumbuka nati. Akizungusha spana, gurudumu nalo linazunguka, basi mwenzake analikumbatia, na gari yote inayumba juu ya jeki. Nati haitaki. Linaletwa bomba. Nati inalia, inatoka, inatupwa mchangani, na wenzake wanne wanaifuata huko huko. Gurudumu limeganda, linapigwa nyundo ya chuma kwenye rimu, upande wa mbele, mara kadhaa, mpaka linaanguka kifudifudi juu ya kokoto za matumbawe.

Sasa hapo kwenye pancha yenyewe mwachie kijana sifa zake. Anaitafuta kwa maji ya sabuni, anauona msumari, anaziba vizuri kuliko mashine nyingi za mjini. Kazi aliyofundishwa anaijua. Lakini kuvua na kuvika gurudumu hakuna aliyemfundisha, kwa sababu sote tunaamini kwamba hiyo si kazi, ni utangulizi wa kazi. Kwa hiyo nati zinarudi na mchanga wake. Ya kwanza inaanzishwa kwa mashine ya upepo badala ya vidole, ikiingia mshazari ni shauri yake. Zinafungwa moja baada ya jirani yake, kwa duara, na mwisho kijana anapanda juu ya spana kwa miguu miwili na kudunda.

Mzee mwenye gari, aliyekuwa kivulini, safari hii alinyanyuka.

"Mwanangu, mbona unacheza juu ya spana?"

"Ndio usalama wenyewe babu. Hapa kwetu chumvi tupu, usipokaza inakimbia."

"Na mwezi ujao nikipata pancha Makunduchi, nani atanifungulia?"

Kijana akacheka. "Utamtafuta mwenye bomba refu kuliko langu."

Katika majibu hayo mawili imo itikadi nzima ninayoipinga. La kwanza linasema: kukaza sana ni usalama. La pili linasema: atakayekuja kufungua si mimi.

Tuanze na hilo la usalama, na tulipigie hesabu badala ya kelele. Vitabu vya Toyota kwa gari ndogo nyingi zilizojaa barabara zetu, IST, Corolla, RAV4, Noah, vinataka nati ya gurudumu ikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita 103. Kwa lugha ya mizani ya sokoni, hizo ni kilo 10 na nusu zikining'inia kwenye ncha ya spana yenye mkono wa mita 1. Spana inayokuja na gari ina mkono wa sentimita 30 hivi, basi kilo zinazotakiwa ni kama 35. Hiyo ni nguvu ya mtu mzima aliyesimama sawasawa akasukuma kwa mikono, bila kurukaruka. Mjapani hakuifanya spana ile fupi kwa ubahili. Urefu wake ndio kipimo, kaupima ili mtu wa kawaida akiisukuma kwa nguvu zake za kawaida afike karibu na pale panapotakiwa.

Sasa mchukue kijana wa kilo 70, msimamishe kwenye ncha ya bomba la mita 1. Umeweka kilo 70 pahala pa 10 na nusu, karibu mara saba. Na mashine ya upepo ni hiyo hiyo tu isiyo na miguu: zipo zinazopita nyutoni-mita 500, na mtu anayezishika hupima kwa sikio. Ikinguruma kwa muda anaoupenda, basi nati imekaza. Ndugu zangu, boliti yenyewe ina unene wa milimita 12 tu.

Boliti ile inafanyaje kazi? Wengi tunadhani inalibeba gurudumu kama msumari unavyobeba picha ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa, boliti inavutika kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa jicho, na kwa kuwa ni chuma kizuri inataka kurudi katika urefu wake. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana rimu kwenye habu, na mbano ule ndio unaolishika gurudumu. Ukiivuta kupita mpaka wake, hairudi tena. Inabaki imerefuka kama lastiki ya suruali iliyochoka. Kwa macho nati imekaza, kwa spana imekaza, lakini mbano umepungua, na siku ya kufunguliwa au siku ya shimo la kwanza inakatika. Mwenye gari anaiokota ile nusu, anaona kutu kidogo, anatikisa kichwa: chumvi.

Kuna na hili la kukaza kwa duara. Nati tano zikikazwa moja baada ya jirani yake, upande mmoja wa rimu hukaa mapema na upande wa pili ukabaki na uwazi wa unywele, khasa ikiwa kuna mchanga au kutu katikati. Kisha unakuja mdundo wa miguu, na kinachopinda ni diski ya breki iliyobanwa katikati yao. Upindaji wa sehemu ndogo ya milimita unatosha. Wiki chache baadaye, ukishuka kutoka Kinyasini ukakanyaga breki, usukani unatetemeka mikononi. Diski inabadilishwa kwa pesa nyingi, anayeifunga ni yule yule kwa mtindo ule ule, na baada ya muda inatetemeka tena. Hapo ndipo mtu anapouapia kabisa upepo wa kusi.

Najua nitakaloambiwa: bora gari iharibike kuliko gurudumu lichomoke njiani watu wafe. Ndiyo hoja yao kubwa, na inagusa moyo. Lakini inachukulia kwamba magurudumu huchomoka kwa sababu hayakukazwa kwa nguvu za kutosha. Tuzitazame kwao zinakotoka gari zetu. Japani, ambako huendesha kushoto kama sisi, wizara yao inayosimamia uchukuzi hukusanya habari za magurudumu yanayochomoka katika gari kubwa. Linaloonekana huko mwaka baada ya mwaka ni kwamba ajali hizo huzidi msimu wa baridi, watu wanapovua mipira ya kawaida na kuvika ya theluji, na nyingi hutokea muda mfupi baada ya gurudumu kuvuliwa na kuvikwa. Na gurudumu linaloongoza ni la nyuma kushoto. Yaani hatari inaifuata kazi ya mkono. Dawa wanayoihimiza ni kusafisha, kukaza kwa kipimo, na kurudia kukaza baada ya mwendo kidogo. Bomba halimo.

Wakati mwingine kosa huwa la kiwanda, nalo tulikumbuke. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Mitsubishi likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ilisema lori halikutunzwa. Ilipofika 2004, Mitsubishi Fuso ilikiri kwamba habu zake zilikuwa na kasoro ya usanifu. Natoa mfano huu ingawa kwa juu juu unanipinga, kwa sababu kilichoufichua ukweli ni kukataa kuridhika na msingiziwa wa kwanza. Kule walimsingizia mwenye lori. Huku tunaisingizia bahari. Mchezo ni mmoja.

Bomba nadhani tumelirithi kwenye malori. Nati ya lori kubwa la kisasa hutaka nyutoni-mita 600 hivi, na huko bomba lina haki yake. Mtu aliyejifunza kazi kwenye lori la mchanga akahamia kwenye IST alihama na mkono wake. Kwa kufungua nati iliyoganda sina ugomvi na bomba hata kwenye gari ndogo, mradi magurudumu yote yamo chini na nguvu inaingia polepole. Ugomvi wangu ni bomba kutumika kukaza.

Tena malori yenyewe yana lao ambalo vijana wa siku hizi wanalisahau. Gari nyingi za mizigo za Kijapani za zamani, zile Canter na Isuzu zilizovishwa mabodi ya mbao zikawa gari za shamba, zina uzi wa kinyume upande wa kushoto. Nati zake hufunguliwa kwa kuzungushwa upande tuliouzoea kuwa wa kukaza. Mara nyingi boliti zimeandikwa herufi usoni, L kwa kushoto na R kwa kulia, lakini nani anasugua tope asome? Linakuja bomba, wanapanda watu wawili, wanaamini wanafungua kumbe wanakaza, mpaka inasikika "ka!" Kisha lawama inarudi kule kule pwani.

Na nati si nati tu. Rimu ya chuma ya Toyota hukaliwa na nati yenye ncha ya koni, lakini rimu nyingi za alumini zilizotoka nazo kiwandani zimetengenezewa nati bapa yenye washa na shingo inayoingia ndani ya tundu. Mtu akinunua rimu za urembo, au akivika mpira wa akiba wenye rimu ya chuma, nati zinachanganyika, kisha hakuna anayekumbuka ipi ya wapi. Koni kwenye tundu bapa hugusa ukingo tu. Unaweza kuikaza mpaka jasho likutoke, itakuwa inatafuna alumini, na kesho imelegea. Mji Mkongwe, ambako kichochoro hakikubali gari na Vespa ndiyo mfalme, wazee wa Vespa wanalijua somo hili kwa ngozi zao: rimu yake ni nusu mbili zilizofungwa kwa nati, na nati zinazoishika rimu kwenye drumu ni nyingine. Ukifungua zile za nusu mbili mpira ukiwa na upepo, unakurukia usoni. Hapo mtu hujifunza siku moja. Wa gari hajifunzi, kwa sababu adhabu yake inachelewa.

Sasa grisi. Hili ndilo ninalogombana nalo zaidi hata na watu wenye akili zao, maana limevaa vazi la hekima ya pwani. Sisi ni watu wa vyombo. Nungwi mpaka leo fundi akimaliza kutia kalafati hupaka, sifa ya papa juu na deheni chini, na chombo kinadumu. Kwa hiyo fundi wa gari naye anapaka: nati inachovywa kwenye kopo la grisi nyeusi, inarudi inang'aa, na kila mtu anaona amefanya la busara, bahari haitaingia. Lakini ubao wa jahazi kazi yake ni kuzuia maji. Nati kazi yake ni kukwaruzana. Ule mkwaruzo mkavu kati ya nati na uzi wa boliti ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu unayoitia. Ukiutoa kwa grisi, nguvu ile ile ya mkono inakwenda kuivuta boliti zaidi, na mvuto unaweza kupanda kwa theluthi nzima au kupita. Weka juu yake bomba na miguu miwili, halafu uniambie nani aliyekata boliti. Vitabu vya Toyota vimelikataza waziwazi: usitie mafuta wala grisi kwenye boliti wala nati za magurudumu.

Chumvi basi tuiachie? Hapana. Iondoe. Brashi ya waya kwenye uso wa habu na nyuma ya rimu mpaka chuma kionekane, uzi wa boliti usuguliwe na kufutwa kwa kitambaa kikavu, na kama mkono unakuwasha kupaka, paka utando mwembamba kwenye ule mdomo wa katikati ya habu, tundu la rimu linapokaa. Pale ndipo linapogandia, na pale hapana uzi wa kuharibu. Rimu ikisafishwa hivyo kila inapovuliwa, haifiki kupigwa nyundo.

Na ikiwa imeshaganda, nyundo ya chuma ndiyo ya mwisho kuiwaza. Legeza nati zizunguke mara mbili tu bila kuzitoa, shusha gari, iendeshe mbele na nyuma kwa mwendo wa konokono, hatua moja mbili. Uzito wa gari wenyewe utaling'oa gurudumu, na nati zitalizuia lisitoke. Au ikiwa juu, upige mpira wenyewe kwa unyayo, huku na huku. Nyundo kwenye rimu ya alumini huacha ufa usioonekana. Upepo wa mpira hutoroka hapo kidogo kidogo kwa miezi, na kijana wa pancha ataitafuta pancha isiyokuwepo.

Wengine watasema haya ni maneno ya watu wa Ulaya wenye nafasi. Sisi masikini, spana yenye kipimo tutaitoa wapi? Hoja ya umasikini naiheshimu, lakini hapa imekaa pasipo pake. Hesabu ninachokidai: brashi ya waya, kitambaa, kipande cha ubao, vidole vya kuanzishia nati, na kuiweka chini mashine ya upepo kazi ikifika kwenye kukaza. Spana iliyomo kwenye buti ipo tayari, na mwenye gari tano za kukodisha hawezi kuniambia spana moja yenye kipimo imemshinda. Kinachotushinda masikini ni ule mtindo wa sasa. Boliti mpya ni kitu kidogo, lakini kuitia kunataka kuvua diski, na katika baadhi ya gari kuifungua habu yenyewe na beringi yake. Masikini ndiye asiyeweza kumudu miguu miwili juu ya bomba.

Ndio maana sitaki lawama yote imwangukie kijana. Tunaomharakisha ni sisi. Tunamlipa kwa kuziba tundu, hatumlipi kwa kusafisha habu, na akitumia dakika kumi kusugua tunamwuliza kama ameanza skuli ya urembo. Tukishaondoka haturudi. Nati zinatakiwa zishikwe tena baada ya kilomita kati ya 80 na 100, maana chuma hukaa, na rangi na vumbi vilivyobaki katikati husagika. Kwa kisiwa chetu hiyo ni safari moja ya Nungwi kwenda na kurudi. Nani kati yetu anayesimama Mahonda wakati wa kurudi, akatoa spana akazigusa nati zake tano, ya juu kisha ya upande wa pili, kwa nyota? Dereva wa daladala ya Nungwi, ile 116, angezomewa na abiria kabla hajainama.

Nimeiacha jeki mwisho makusudi, kwa sababu hapo ushahidi unaonekana kwa macho na hautaki hesabu. Chini ya milango ya gari ndogo kuna ukingo wa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa. Mahali pane katika ukingo huo, karibu na kila gurudumu, pameimarishwa ndani na kutiwa alama, mara nyingi ni mikato miwili midogo, na jeki hukaa katikati ya mikato hiyo. Shubiri mbili tu pembeni, bati ni jembamba na ndani ni tupu. Jeki ikipandishwa hapo, ukingo unajikunja, na pamoja nao inapasuka rangi na ule utando wa kuzuia kutu, ndani na nje. Nje mtu huona mbonyeo mdogo akaupuuza. Ndani, ambako hapaonekani wala hapafutiki, bati limebaki uchi. Hapo sasa karibisha upepo wa pwani. Utafanya kazi yake, na utaifanya haraka, lakini mlango umefunguliwa na jeki.

Wengine huikwepa hatia hiyo kwa kuweka jeki mahali pabaya zaidi: chini ya sampu ya injini, ambayo ni bati la kubebea mafuta na si la kubebea injini, chini ya mkono wa usukani, au chini ya sakafu, ambako hupita bomba la breki na la petroli. Na jeki inayosimama juu ya mchanga wa Paje bila ubao chini yake huzama upande mmoja, gari ikateleza, na ikiwa gurudumu limeshatolewa, diski ndiyo inayotua kwenye jiwe, na kile kibati cha nyuma yake kinapinda na kuanza kusaga. Siku mbili baadaye mtu anaambiwa kuna mchanga kwenye breki. Mpira wa akiba ungelazwa chini ya ukingo kabla ya kuvua gurudumu, gari ingeangukia mpira. Hakuna gharama hapo hata ya senti moja, upo kwenye buti na ulikuwa utolewe hata hivyo.

Kwa hiyo mwenye kubisha namwomba jambo moja. Asubuhi kabla jua halijapanda, tandika mkeka ubavuni mwa gari yako, lala, uutazame ukingo wa chini upande huu na upande wa pili. Ukikuta kutu imetapakaa sawasawa toka mbele mpaka nyuma, bahari ina kesi ya kujibu na mimi nitanyamaza. Ukikuta imekaa pale jeki ilipobonyeza, na kwingine kote rangi bado inateleza, basi twende pamoja kwa yule kijana wa pancha, tumwoneshe mikato miwili ilipo, na siku hiyo tumlipe kwa kusugua habu.